TWALIKWENDA TANGA KULA SAMAKI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya baraza la walimu na wazee wa vijiji)



Tumeombwa na baraza hili tutoe habari za safari yetu ya siku moja tuliyoifanya kutoka Korogwe kwenda mji wa Tanga. Tulikuwa watu kumi na mmoja: walimu watano, wazee watatu, na akina mama watatu wapikao chakula cha watoto shuleni. Tumekwisha kusikia watu wakitucheka njiani na kusema, "Hao ndio waliokwenda pwani kula." Hatukatai. Twalikwenda kula, na twalikula sana. Walakini lilikuwako na jambo jingine lililotutoa nyumbani. Watoto wetu 210 hula ugali na maharagwe siku ya Jumatatu, na Jumanne ugali na maharagwe, na hivyo hivyo hata Ijumaa. Na bahari i mbali nasi mwendo wa saa mbili tu kwa basi. Twalitaka kujua kwa nini samaki hafiki kwetu, au afikapo huwa amekwisha kuharibika, na kama yawezekana tumlete wenyewe kwa fedha kidogo waliyochanga wazazi.

Kwanza twapenda kueleza namna tulivyoichagua siku, maana mtu wa bara aweza kudhani kwamba bahari ni kama duka, lifunguliwalo kila asubuhi. Sivyo. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku na taa, na taa haifai kitu mbalamwezi ikiwaka; kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu aghalabu hupumzika. Tena mwezi uandamapo, na pia uwapo mpevu, maji ya bahari hujaa sana na kutoka sana, nayo huitwa bamvua. Lakini katikati ya siku hizo maji huenda kidogo tu, nayo huitwa maji mafu. Basi atakaye kuona dagaa wengi na pweza pamoja, na aende siku za bamvua ya giza. Twalichagua Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba, siku ya tatu baada ya mwezi kuandama, upepo wa kusi ulipokwisha kulegea na kaskazi haijashika, maana wakati huo bahari hutulia.

Twaliondoka saa kumi alfajiri. Ya njiani hayana maneno mengi: Segera, kisha Hale, kisha mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari kama askari, hata tukafika Muheza kulipopambazuka. Hapo twalinunua tenga mbili za machungwa. Mzee mmoja wetu aliyakataa kwa kuwa maganda yake yalikuwa ya kijani, akasema hayajaiva. Muuzaji alilikata moja akampa, naye akala matatu. Chungwa la nchi ya joto huiva ndani na ganda lake likabaki kijani, kwa kuwa ganda hugeuka rangi kwa baridi ya usiku, na Muheza hakuna baridi ya kutosha. Machungwa hayo yalikuja kutufaa baadaye kuliko tulivyotazamia.

Mji wa Tanga umekaa juu ya ghuba iliyofungwa vema, na katikati ya maji kiko kisiwa kidogo kiitwacho Toten. Ghuba hiyo ndiyo iliyowavutia Wadachi, wakaanza kujenga reli hapo mwaka 1893. Ikafika Muheza 1896, Korogwe kwetu 1902, na Moshi 1911. Wazee wetu husema Korogwe ni mtoto wa reli, na reli ni mtoto wa bandari ya Tanga. Kwa miaka mingi meli kubwa hazikuweza kufika gatini, zikatia nanga nje, na shehena ikaletwa pwani kwa matishari. Katika miaka ya karibuni kina kimechimbwa na gati zimejengwa upya, hata meli zaweza kusogea. Wengine wetu walitaka kwenda kuona mahali pa vita vya Novemba 1914, ambako nyuki waliwavamia askari katikati ya mapigano. Mama mmoja akauliza kama huko kuna asali ya kununua. Tulipomjibu hakuna, safari hiyo ikafa.

Twalianza na kahawa. Muuza kahawa alikuwa ameketi kando ya njia na dele lake la shaba juu ya makaa, na vikombe vyake vidogo visivyo mkono. Kahawa ya pwani haina sukari wala maziwa. Huitwa kahawa chungu, na utamu wake hutoka katika kashata ya nazi au ya karanga utafunayo kati ya funda na funda. Kwa jirani yake mama mmoja alikuwa akipika vitumbua vya mchele, na mwingine alikuwa na mbaazi zilizopikwa kwa nazi, nzito, za kuliwa na maandazi. Hizo mbaazi ndizo zilizotusimamisha. Ni mbaazi zile zile tulimazo huku nyumbani, ambazo watoto wetu huzikimbia. Mpishi wetu mmoja alimwuliza yule mama habari zake kwa urefu, hata tukakawia: huloweka mbaazi usiku kucha, huzichemsha mpaka zipasuke, hutia tui la pili jembamba pamoja na kitunguu, pilipili na chumvi, huziacha zinywe, kisha mwisho kabisa hutia tui la kwanza lililo zito, na asiache lichemke kwa nguvu, maana likichemka hukatika, mafuta yakaenda zake juu na maji chini. Mama yule hakuficha neno, wala hakutaka kitu. Ndipo tulipompa machungwa.

Saa moja unusu tukafika mahali pa kushushia samaki, paitwapo Deep Sea. Mabwana na mabibi, asiyepata kuona mnada wa samaki hawezi kuamini makelele yake. Vyombo vilikuwa vikiingia kimoja kimoja, ngalawa zenye mbawa zake mbili na mashua za mashine. Vijana waliingia majini hata kifuani, wakabeba matenga vichwani, wakayamwaga mchangani. Mnadi husimama juu ya fungu, hutaja bei, wanunuzi wakamwongezea kwa kidole au kwa kukonyeza jicho tu, na fungu limekwisha kuuzwa kabla hatujajua limeanza kunadiwa. Wako wachuuzi wenye baiskeli na pikipiki, wako wenye mabanda ya chakula, na wako wanawake wengi wakaangao samaki, ambao hununua fungu asubuhi na kuliuza vipande vipande jioni. Twaliwaona changu, tasi, pono wa rangi ya kijani na buluu kama ndege, kolekole, chewa, taa walio bapa kama kawa, na nguru mmoja mrefu kuliko mwalimu wetu mfupi. Dagaa walikuwa kando, marundo juu ya marundo, wakimeta kama fedha.

Mzee mmoja mvuvi, ambaye mkono wake wa kushoto una vidole viwili tu, alituona tukiduwaa. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, wanangu. Ninyi watu wa juu, mwatafuta nini?" Tukamweleza habari za watoto wa shule. Akacheka kidogo, akasema, "Basi kwanza mjifunze kumjua samaki, ndipo mfungue mfuko." Tukamfuata, naye akatufundisha mambo haya, ambayo twayasema hapa wazi ili kila mwenye kununua samaki kwa wachuuzi wapitao kwetu ayashike.

Samaki mpya jicho lake limetokeza, tena ni jangavu. Wa siku nyingi jicho limedidimia na kuwa na ukungu. Fungua shavu lake: matamvua yawe mekundu, si ya kahawia wala ya kijivu. Mbonyeze kwa kidole: nyama irudi mahali pake, isibaki shimo. Harufu yake iwe ya bahari tu. Na mchuuzi akikuambia kwamba viungo na ndimu vitaondoa harufu, mwambie vitaondoa harufu wala havitaondoa ubaya. Hasa jodari na vibua wakikaa juani bila barafu huzalisha sumu ambayo haifi kwa moto hata ukimpika mara mbili. Mlaji hubadilika uso kuwa mwekundu, kichwa kikamgonga, akatapika, akawashwa mwili mzima. Wengi wetu huku twasema "nyama ya samaki hainipatani"; labda huyo hakupatana na jua la njiani.

Ndiyo sababu samaki hafiki kwetu mzima. Samaki si adui wa masafa. Adui yake ni joto. Mzee yule alisema kwamba katika nchi yetu hii atakaye kumpeleka samaki mbali na aweke uzani wa barafu sawa na uzani wa samaki, tabaka kwa tabaka, na maji ya barafu yapate njia ya kutoka chini ya sanduku. Mchuuzi wa pikipiki ajaye kwetu na gunia lililoloweshwa maji hana barafu hiyo. Hatumlaumu, maana barafu ni gharama. Lakini na tujue tununuacho.

Yapata saa nne maji yalikuwa yametoka mbali, nasi twalikwenda ufuko mmoja nje kidogo ya mji kuwatazama wanawake wanaotafuta pweza. Bahari ilikuwa imerudi nyuma hata mwamba ukabaki wazi, na wanawake walikuwa wakitembea juu yake, kanga zimefungwa magotini, kila mmoja na mchokoo wake. Pweza hukaa tunduni, na mlangoni pake hutupa maganda ya kaa na kome aliokula; basi jicho lililozoea huona takataka zake kabla ya kumwona mwenyewe. Akishapatikana hupigwa sana juu ya jiwe, ndipo nyama yake ilainike. Supu yake twaliinywa baadaye, ya moto, yenye ndimu na pilipili. Wazee watatu walirudia mara mbili, na sababu waliyoitoa hatutaisema mbele ya akina mama.

Lakini liko neno juu ya pweza lililotushangaza. Pweza huyu haishi sana, yapata mwaka mmoja au zaidi kidogo. Hukua upesi mno, na jike hufa mayai yake yakisha kuanguliwa. Kwa hiyo pweza mdogo akiachwa miezi miwili au mitatu huwa mkubwa ajabu. Sheria ya nchi hukataza kumvua aliye chini ya gramu 500. Na viko vijiji vya pwani vilivyopatana kufunga sehemu ya mwamba kwa muda wa miezi kadhaa, pasiwe mtu wa kuingia, kisha wakaufungua siku moja ya bamvua na kuvuna wote pamoja. Desturi hiyo ilipata sifa huko Andavadoaka katika kisiwa cha Madagaska, ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, walipoanza mwaka 2004. Baadaye imeigwa katika sehemu za pwani yetu. Mmoja katika wazee wetu alisema, "Hii si mpya. Babu zetu walifunga msitu hivi hivi." Na kweli, sisi watu wa milimani twajua maana ya kufunga pori. Lakini kufunga mwamba ni kuzito zaidi, kwa kuwa pweza wa leo ndiye ununuaye unga wa leo, na mwanamke aliyefungiwa mwamba miezi mitatu lazima awe na kitu kingine cha kupikia watoto.

Na kabla hatujafika kwenye chakula cha mchana, yako mawili ya hatari. La kwanza ni bunju, samaki ajazaye tumbo lake kama mpira. Sumu yake huua, na moto hauiondoi. La pili ni nyama ya kasa, ambaye tena kumvua ni kosa kwa sheria. Wako watu waliomla miaka mingi bila dhara, ndipo wakadhani ni chakula salama. Lakini mara nyingine huwa na sumu, wala hakuna ajuaye kwa kumtazama. Katika kisiwa cha Panza, Pemba, mwezi wa Machi 2024, watu 9 walikufa kwa nyama ya kasa, nao 8 katika hao walikuwa watoto.

Sasa chakula. Twaliketi katika banda la makuti, na mwenye banda alitupikia changu wa kupaka. Changu hupasuliwa, hukolezwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na pilipili, huchomwa juu ya makaa ya vifuu mpaka akauke kidogo, kisha hupakwa tui zito lililopikwa na ukwaju na bizari, akarudishwa motoni, akapakwa tena, na tena. Aliletwa na wali wa nazi. Nao wenyeji waliokuwa meza ya pili walikuwa wakila bada, yaani ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa papa mkavu. Twaliomba tuonje. Wako katika sisi waliosema bada na papa ni bora kuliko wali na changu, na magomvi hayo hayajaisha mpaka leo. Sisi wenye kuandika maneno haya twasimama upande wa bada, kwa sababu muhogo tunao, na papa mkavu hahitaji barafu. Papa huyo hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa, na samaki wa namna hiyo huitwa ng'onda. Hukaa muda mrefu, akasafiri popote. Ila alowekwe usiku kucha na maji yabadilishwe, au mlaji atakunywa maji mpaka alfajiri.

Mwenye banda alitusimulia pia habari za samaki wa ajabu wanaopatikana katika maji makuu ya Tanga, aitwaye silikanti. Wataalamu walidhani amekwisha kutoweka duniani miaka milioni nyingi, hata alipovuliwa mmoja Afrika ya Kusini mwaka 1938. Na tangu mwaka 2004 wameonekana wengi Tanga, wakiingia katika majarife yatupwayo kilindini. Mwaka 2009 serikali iliweka hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mwalimu wetu wa sayansi alisahau chakula chake kikapoa. Mpishi wetu aliuliza ladha yake, akajibiwa kwamba nyama yake ni ya mafuta mabaya na humwendesha mtu tumbo. Akasema, "Ndiyo maana ameishi sana."

Basi tulipokwisha kula, tulirudi Deep Sea kununua. Hapa ndipo palipokuwa na neno zito. Fedha yetu, kwa bei ya mnada, ingetupatia samaki wa kuwatosha watoto 70 tu, na barafu juu yake. Tulikuwa tumesimama tukihesabu, mara akaja kijana mmoja kwa nyuma ya mabanda, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba anazo tenga tatu za vibua na changu, wapya wa asubuhi ile, na bei yake ilikuwa yapata theluthi ya bei ya mnada. Twalikwenda kuwatazama. Macho yalikuwa meupe, matamvua mekundu. Kila alama tuliyofundishwa ilikuwako. Kwa tenga zile tatu watoto wote 210 wangalikula.

Ndipo yule mzee wa vidole viwili alipotufuata. Hakusema neno na kijana. Alimshika changu mmoja, akamminya mgongoni, akatupa tumminye nasi. Mgongo ulikuwa umelegea kama kamba. Akampasua kwa kisu chake: damu ilikuwa imevilia chini ya uti, mifupa ya mbavu imeachana na nyama, na kile kibofu cha hewa kilichomo ndani ya samaki kimepasuka. Akasema, "Huyu hakuvuliwa. Huyu amepigwa baruti." Kisha akainua mkono wake wa kushoto, akatuonyesha, wala hakuongeza maneno. Tukafahamu vile vidole vilikokwenda. Kijana alikuwa amekwisha kuondoka, na tenga zake amebebesha mwenziwe.

Mabwana na mabibi, baruti ya kuvunjia mawe ikitupwa baharini huua kila kilichoko karibu, mkubwa na mchanga, na mayai. Tena wengi wa waliokufa hawaelei, kwa kuwa kibofu kimepasuka. Huzama, wakaoza chini. Mvuvi huokota sehemu tu ya aliowaua. Na mwamba wa matumbawe, ambao ndio nyumba na shamba la samaki, huvunjika vipande, usirudi kuwa mwamba ila baada ya miaka mingi sana. Imekatazwa tangu zamani, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaikataza. Pwani ya Tanga iliumia sana kwa jambo hili. Mnamo miaka ya 2016 hadi 2018 doria zilizidishwa na milipuko ikapungua sana, lakini wenyeji wasema jicho likifumba hurudi.

Hapo palitokea mashindano ya maneno kati yetu, nayo hatutayaficha. Mzee mmoja alisema, "Samaki amekwisha kufa. Tusipomnunua sisi, atanunua mwingine kabla ya magharibi. Na watoto wangu 140 watakaokosa nitawaambia nini, kwamba mwamba wa Tanga ulivunjika?" Maneno hayo yana nguvu, wala hatukuona mtu wa kuyajibu upesi. Mwisho alijibu mpishi mmoja. Alisema yeye hajui habari za mwamba; lakini kijana yule hakutoka kuwauzia watu wa Tanga, maana wa Tanga wanajua kuminya mgongo. Alitoka kututafuta sisi tusiojua. "Basi soko lake ni sisi," akasema. "Baruti ile ameinunua kwa fedha ya watu wa juu." Yule mzee hakukubali, na mpaka leo yumo humu barazani na hajakubali, ana haki ya kusema akipewa nafasi.

Tulipatana kwa wingi wa kura tusinunue. Kisha yule mvuvi akatuambia jambo ambalo tungaliweza kuliuliza tangu asubuhi: "Kwani mtoto lazima ale samaki mwenye kichwa kikubwa?" Akatupeleka kwa wanawake wakaushao dagaa. Hao huwachemsha kidogo katika maji ya chumvi, huwaanika juu ya vichanja, na siku za jua kali hukauka upesi. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, na mifupa ndiyo inayompa mtoto chokaa ya kujengea mifupa yake mwenyewe. Tena vitu vya bahari vina madini joto, ambayo udongo wetu wa milimani unayo kidogo. Ndiyo maana rovu lilikuwa jambo la kawaida kwa wazee wetu kabla ya chumvi kutiwa madini hayo. Twalinunua kilo 18 za dagaa wakavu. Mama mmoja muuzaji alitutaka tumpe machungwa yaliyobaki, akatuongezea kilo 1 na nusu juu yake. Ng'onda twalinunua vipande vitatu, kwa walimu.

Dagaa ni lazima wachaguliwe. Wawe wakavu wa kuvunjika, wenye rangi ya fedha, wasiwe wa manjano, maana umanjano ni mafuta yaliyochacha. Na utie mkono katikati ya gunia, usitazame juu tu, kwa kuwa mchanga hukaa chini. Nyumbani wawekwe mahali pakavu, juu ya kichanja, na watolewe juani kila baada ya siku chache. Kabla ya kupikwa, akina mama wetu huwakaanga bila mafuta kidogo, huwaosha kwa maji ya moto, kisha hutia nyanya na kitunguu. Na siku ya pili walijaribu tui la nazi kwa namna tuliyofundishwa na yule mama wa mbaazi.

Kilo zile ziliwatosha watoto wote 210 kwa milo minne. Siku ya kwanza watoto wa madarasa ya chini walitoa vichwa wakavipanga kando ya sahani. Siku ya tatu hatukuona kichwa kimoja. Na mbaazi za nazi zilikwisha sufuriani kabla walimu hawajapata zao.

Mambo yaliyobaki ni ya mpango. Wazee wa vijiji vitatu wamekubali kila kimoja kitoe magunia mawili ya mbaazi na vikapu vya matunda, viuzwe Tanga, na fedha yake irudi kwa dagaa, ili mchango wa wazazi upungue. Safari ya pili itakuwa bamvua ya giza ijayo, upepo ukiruhusu. Nafasi ni 14. Akina mama wapishi watatangulizwa. Kila aendaye na achukue mfuko wake wa nguo wa kutilia dagaa, na kisu. Yule mzee aliyekataa kura yetu ameandika jina lake la kwanza.